Sanduku la kanisa lina funguo ngapi?



Mama yangu mzazi ana kaye moja ya bluu, ya kurasa 48, aliyoifunika kwa nailoni ili mvua isiiharibu. Ndani ameandika majina ya wamama 63 wa kanisa letu, na mbele ya kila jina kile mama huyo alichotoa: franka 500, franka 1000, kuku mmoja, kilo mbili za maharagwe zilizouzwa sokoni, siku moja ya kubeba mawe kutoka mtoni. Mama alisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi tu. Herufi zake ni kubwa na zinapanda mstari, lakini hesabu yake haina kosa. Nimeihakikisha mara tatu.

Michango hiyo ilikuwa ya mabati ya kanisa. Ilikusanywa miaka miwili. Wakati huo mama alikuwa mtunza hesabu wa umoja wa wamama, lakini sanduku lenyewe lilikaa nyumbani kwa pasta, maana tulisema kwake wezi hawataingia. Lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo mmoja. Kaye ilisema dola 1260. Siku ya kwenda kununua mabati, sanduku lilifunguliwa, zikatoka dola 310.

Pasta alisema kulikuwa na mahitaji, na kazi ya Mungu haikuweza kungoja. Mahitaji gani, hakusema. Wamama walitazamana. Wiki iliyofuata, katika mkutano wa Alhamisi, mama alisimama na kaye yake mkononi, akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima: "Baba Pasta, tungeomba tu kujua makuta yale yalienda wapi, ili tuwajibu wenzetu." Hakuongeza neno.

Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya kanisa zima. Alisimamishwa miezi mitatu kwa "roho ya uasi". Asishiriki Meza ya Bwana, asiimbe katika kwaya, asivae kikwembe cha umoja. Alikuwa na umri wa miaka 61, na kikwembe kile alikilipia mwenyewe kidogo kidogo kwa kuuza sombe.

Na mimi? Mimi mwenye diplome ya ISP, ninayefundisha historia na elimu ya uraia katika sekondari, nilimwambia nini mama yangu jioni ile? Nilimwambia: "Mama, acha tu. Mungu anaona." Yeye hakunijibu. Aliendelea kuchambua mchele. Neno hilo langu limeniuma tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niombe nafasi katika gazeti letu wiki hii. Jina la kanisa silitaji, wala mji, wala la pasta, kwa sababu sikuja hapa kumchafua mtu. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo liko katika makanisa yetu yote, ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbangu na ya uamsho: kiongozi wa kanisa akikosa, nani anamwuliza?

"Usiguse mtiwa mafuta"

Hilo ndilo jibu tunalopewa kwanza. Mama alipewa hilo na wazee wawili waliokuja nyumbani kumtuliza. Walisema Daudi alipata nafasi ya kumgusa Sauli pangoni, na hakumgusa.

Ni kweli. Lakini habari hiyo, katika kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 24, haiishii pangoni. Sauli alipotoka, Daudi naye alitoka nyuma yake, akamwita kwa sauti kubwa mbele ya askari wake wote, akamwonyesha kipande cha vazi alichokata, akamwambia waziwazi kwamba anamwinda bila kosa na Mungu awaamue. Hakumwua, hakumpiga. Lakini alimwuliza, tena mbele ya watu, tena akiwa na ushahidi mkononi. Mama naye hakumpiga mtu. Alishika kaye.

Baadaye Daudi mwenyewe alikuwa mfalme, mtiwa mafuta, akamchukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Nabii Nathani hakungoja Mungu ajionee. Alikwenda ikulu. Na Samweli, alipokuwa mzee na anataka kuacha kazi, aliwasimamisha Waisraeli wote na kuwaambia waseme: nani amenyang'anywa ng'ombe wake nami, nani amedhulumiwa, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Samweli alikuwa mtiwa mafuta kuliko wapasta wetu wote, na alijitoa kuulizwa bila kuombwa.

Kuna sura nyingine ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa siku ya matoleo. Ni ya pili katika kitabu hicho hicho. Wana wa Eli, makuhani, walikuwa wanatia uma chunguni na kuchukua nyama ya watu kabla haijatolewa kwa Mungu. Na walikuwa wanalala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Makuta na miili ya wanawake, yote katika sura moja. Baba yao alipata habari. Aliwaonya kwa maneno mazuri, ya uchungu wa mzazi. Kisha akawaacha katika kazi ile ile, kwenye mlango ule ule. Mungu alimlaumu Eli kwa sababu hiyo, kwamba amewaheshimu wanawe kuliko yeye.

Paulo naye alimwandikia Timoteo mambo mawili juu ya mzee wa kanisa, na sisi tunapenda kusoma moja tu. La kwanza: usipokee mashitaka juu yake bila mashahidi wawili au watatu. La pili, mstari unaofuata: wakidumu katika kosa, wakemewe mbele ya wote. Na Paulo huyo, alipokusanya mchango wa kusaidia Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, na alieleza sababu katika Wakorintho wa pili, sura ya 8: hakutaka mtu apate la kumlaumu. Paulo hakuwa mwizi. Alijua tu kwamba hata mtu mwema analindwa na macho ya wengine.

Mtu mkubwa aliyeanguka kwa vitabu vya hesabu

Nikifundisha habari za apartheid katika darasa la tano, kuna jina ambalo wanafunzi hulipenda haraka: Allan Boesak. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Reformed huko Afrika Kusini. Mwaka 1982, katika mkutano wa Ottawa, Kanada, alichaguliwa kuwa rais wa umoja wa makanisa ya Reformed ya dunia, na mkutano huo ukatangaza kwamba apartheid ni uzushi, ni kinyume cha Injili. Mwaka 1983 sauti yake ilisaidia kuzaliwa kwa UDF, umoja mkubwa uliopinga serikali ya apartheid. Alifungwa, alitishwa, hakunyamaza. Mtu wa namna hiyo nani angethubutu kumwomba risiti?

Alikuwa na shirika la misaada lililopokea pesa nyingi kutoka makanisa na wafadhili wa nje, hasa wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Ubaguzi ulipokwisha, mwaka 1994, serikali mpya ilitaka kumtuma Geneva awe balozi. Hapo ndipo wafadhili wa Denmark walipoanza kuuliza pesa zao zilifanya nini. Hakwenda Geneva. Mwezi wa tatu mwaka 1999, mahakama ya Cape Town ilimkuta na hatia ya udanganyifu na wizi, ikamhukumu miaka sita. Mahakama ya rufaa ilipunguza ikawa mitatu. Aliingia gerezani mwaka 2000, akatoka mwaka 2001, na mwaka 2005 Rais Thabo Mbeki alimpa msamaha. Yeye mwenyewe amesema sikuzote kwamba hakuiba. Watetezi wake walieleza kwamba wakati wa apartheid kuandika kila kitu kulikuwa hatari, polisi wangeweza kukamata vitabu na watu.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza darasani: "Mwalimu, basi alikuwa mtu mwema ao mubaya?" Nilimwambia alikuwa mtu mwema katika jambo kubwa, na mahakama ilisema alikosa katika jambo la pesa, na yote mawili ni kweli pamoja. Hakuridhika. Aliuliza tena: "Na wale waliokuwa karibu naye, hawakuona?" Hilo lilikuwa swali bora kuliko langu. Wafadhili walimpenda, wakatuma. Waliokuwa karibu walimheshimu, wakanyamaza. Kama mtu mmoja angemwomba hesabu mapema, kwa upole, mwaka kwa mwaka, huenda asingefika mbele ya hakimu.

Sisi tayari tunajua kazi hii

Sasa niambieni, wamama. Ni wangapi kati yetu hatuna AVEC ao MUSO? Tunakutana kila wiki. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja, wala si wao wanaolala na sanduku. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Mwisho wa mkutano kila mmoja anajua kilichobaki, hata yule asiyejua kusoma anakikariri kichwani, na wiki ijayo tunaanza kwa kuuliza: tuliacha ngapi? Mkopo unatajwa kwa sauti. Mwaka ukiisha, tunagawana, na kama franka 200 zimepungua, kelele inasikika mpaka barabarani.

Njia hii ilianza na wamama maskini wa Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991. Haikutoka benki. Na hakuna mama anayemwambia rais wa AVEC: "Unaniuliza, basi una roho ya uasi." Akisema hivyo tutamcheka.

Lakini wamama hao hao, Jumapili, tunacheza ngoma tukienda kutia katika kikapu, na kikapu kikipita mlango wa ofisi hatuulizi tena. Nimejiuliza kwa nini. Wengine wanasema ni woga wa laana. Labda. Mimi nadhani ni kwamba tumefundishwa kuona pesa iliyotolewa kwa Mungu kama pesa iliyokwisha. Wakati kwa kweli Mungu hanunui mabati. Ananunua mtu, dukani, kwa fakture.

Kanuni za makanisa yenyewe ziko upande wetu, na hapa naomba mnivumilie kidogo kama mwalimu.

Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa iliyotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983 inasema katika kanuni ya 537 kwamba kila parokia lazima iwe na baraza la uchumi, lenye waamini ndani yake, la kumsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1284 inadai vitabu vya mapato na matumizi vilivyo safi, na hesabu kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inataka waamini waelezwe juu ya mali waliyoitolea Kanisa. Na kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Maana yake, kama shirika lenu lilichangia kisima, pesa hiyo haiwezi kuwa magurudumu ya gari, hata kama gari ni la Kanisa.

Kwa Waprotestanti, kila jumuiya ina katiba yake na kanuni za ndani, na mara nyingi humo mna komite ya fedha na mkutano mkuu wa kupokea hesabu. Omba kuisoma. Hata makanisa ya uamsho, yale ya mtu na mke wake, yakiwa na karatasi za serikali yamesajiliwa chini ya sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ile inayosimamia mashirika yasiyotafuta faida. Kanisa si duka la mtu. Likiwa na utu wa kisheria, mali yake ni ya kanisa, wala si ya mwenye kushika maikrofoni.

Kosa lisilo la makuta

Hapa nabadilisha sauti, maana kuna kosa ambalo halipelekwi kwenye komite ya fedha.

Nimekuwa mwalimu miaka kumi na mmoja. Wasichana huja kuniambia mambo baada ya masomo, wakijifanya wanasahihisha zoezi. Nimesikia zaidi ya mara moja juu ya "maombi ya pekee" ya usiku, juu ya kuitwa ofisini peke yake, juu ya mtumishi aliyemwambia mtoto wa miaka 15 kwamba ameona katika ndoto watakuwa mke na mume. Na nimesikia kinachofuata: wazee wanakaa, familia inaitwa, mbuzi mmoja ao dola mia moja zinatolewa, kila mtu anaambiwa asichafue jina la kanisa. Mtoto anahamishiwa kwa shangazi yake mji mwingine. Mtumishi anabaki mlangoni pa hema, kama wana wa Eli.

Wamama, nchi yetu ina sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18, na kulala naye kunahesabiwa kuwa ubakaji, hata kama alisema ndiyo. Adhabu ya ubakaji ni miaka mitano mpaka ishirini. Na kama aliyefanya ni mtumishi wa dini aliyetumia vibaya cheo chake, adhabu ya chini inazidishwa mara mbili. Sheria iliwataja wazi, pamoja na waalimu, na mimi kama mwalimu naona ni haki. Sheria ya pili ya siku ile ile, 06/019, inasema uchunguzi usipite mwezi mmoja na hukumu isipite miezi mitatu, na kwamba malipo ya mapatano hayafuti kesi. Najua sheria na maisha yetu hupishana barabarani bila kusalimiana. Lakini mbuzi wa wazee hana nguvu yoyote kisheria, na hilo mama yeyote anaweza kulisema katika kikao.

Ikikupata, usianze kwa wazee. Anza hospitalini. Usimwoshe mtoto, usifue nguo zake, ziweke katika karatasi. Ndani ya saa 72, yaani siku tatu, anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na msichana dawa ya kuzuia mimba. Hesabu ya saa hizo haingoji kikao cha Jumamosi. Baada ya hospitali, polisi ya kulinda watoto na wanawake, ao parke. Kisha, ukitaka, kanisa.

Wakatoliki wajue pia kwamba Papa Fransisko mwaka 2019 alitoa amri iitwayo Vos estis lux mundi, na akaihakikisha upya mwaka 2023. Kila jimbo lazima liwe na njia ya kupokea malalamiko ya namna hii. Padri ao mtawa akipata habari, analazimika kuripoti. Na imeandikwa humo kwamba aliyeripoti hawezi kuwekewa sharti la kunyamaza.

"Lakini tukisema, kanisa litaanguka." Hilo nalo tunalisikia. Basi sikilizeni kilichotokea Ulaya. Mtu mmoja wa Kanada, Jean Vanier, alianzisha mwaka 1964, katika kijiji kimoja cha Ufaransa, nyumba za L'Arche, ambamo watu wenye ulemavu wa akili wanaishi na wengine kama ndugu. Zilienea katika nchi zaidi ya 30. Wengi walimwona mtakatifu akiwa hai. Alikufa mwezi wa tano mwaka 2019. Kabla hajafa, viongozi wa L'Arche wenyewe walikuwa wamekwisha kuita wachunguzi wa nje, na mwezi wa pili mwaka 2020 walitangaza matokeo bila kuficha: aliwatumia vibaya wanawake sita, akichanganya maombi na tamaa. Hawakukomea hapo. Waliweka tume ya wataalamu, na Januari 2023 ripoti yake ilisema wanawake walikuwa 25 angalau. Fikirini uchungu wa kuandika hivyo juu ya baba mwanzilishi. Nyumba zile zipo mpaka leo, na watu wenye ulemavu bado wanakula mezani. Waliosema ukweli walikuwa watoto wa nyumba, si adui zake.

Na sisi tusiseme ovyo

Nisingekuwa mwaminifu kama ningeacha upande huu. Kuna wapasta waliopoteza jina lao kwa uvumi wa kisimani. Mama mmoja ameona kiatu cha mwanamke mlangoni, kufika sokoni kiatu kimekuwa mimba. Ndiyo sababu ya mashahidi wawili ao watatu. Kinachohusu makuta kiwe na kaye, tarehe, majina. Kinachohusu mtu kisemwe na aliyeona ao aliyetendewa, mahali panapofaa, si katika foleni ya maji. Lakini mtoto akikuambia jambo, usimwombe mashahidi. Kutafuta ushahidi ni kazi ya daktari na polisi.

Tena tuseme ukweli juu ya njaa. Wapasta wengi wa kwetu hawana mshahara. Watoto wao wanafukuzwa shuleni kwa minerval kama wetu. Tunataka ahubiri, azike, abariki ndoa, aombee wagonjwa saa sita ya usiku, kisha tunamwachia ufunguo mmoja na sanduku lililojaa, katika nyumba isiyo na unga. Hilo ni jaribu tulilompikia sisi wenyewe. Kanisa linalotaka hesabu safi lianze kwa kuandika katika bajeti kile pasta anachopewa kila mwezi, hata kama ni kidogo, na kimtolewe mbele ya watu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kilichojulikana baadaye katika habari ya mama.

Wamama hawakunyamaza. Mmoja baada ya mwingine walikuja nyumbani jioni, wakisingizia kuomba chumvi, wakaomba waone majina yao katika kaye. Wanane waliandika barua kwa msimamizi wa jimbo la kanisa. Alikuja baada ya miezi minne. Ilionekana kwamba sehemu ya pesa ilikwenda kulipa kliniki ambamo mtoto wa pasta alilazwa na malaria ya kichwa. Sehemu kubwa ilikuwa malipo ya kwanza ya kiwanja kwa jina lake. Nilipomweleza mama habari ya mtoto, alikaa kimya, kisha akasema: "Kwa nini hakutuambia? Tungemchangia usiku ule ule." Habari ya kiwanja hakuitolea neno.

Pasta alikubali deni la dola 950. Amerudisha 400. Alihamishiwa parokia nyingine, na sijui kama wamama wa huko wameambiwa kitu. Hilo linanisumbua. Kusamehe ni sawa, mama amekwisha kusamehe, anamwombea kwa jina. Lakini msamaha ni wa mtu, na sanduku ni la watu wote, na aliyekula sanduku asikabidhiwe lingine mpaka deni liishe na watu wajue.

Sasa sanduku letu lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja kwa shemasi, mmoja kwa mama mmoja wa kwaya, mmoja kwa kijana mmoja fundi wa simu. Pasta mpya hana ufunguo wowote, na alisema mwenyewe kwamba analala vizuri. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hesabu inasomwa kabla ya mahubiri: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Inachukua dakika nne.

Limebaki jambo moja. Adhabu ya mama ilitangazwa mbele ya kanisa zima. Kuondolewa kwake aliambiwa ofisini, na watu wawili, mlango umefungwa. Hakuna aliyesoma Jumapili kwamba mama yule aliuliza swali la haki. Mpaka leo kuna watoto wa kwaya wanaojua tu kwamba alikuwa mwasi. Anavaa kikwembe chake tena, lakini anakaa nyuma.

Barua ya kuomba jina lake lisafishwe mahali pale pale lilipochafuliwa nimeiandika mimi, kwa mkono wangu. Wamama 41 wametia sahihi ao alama ya kidole. Tuliipeleka Jumatatu iliyopita kwa karani wa kanisa, akatupa risiti ya kupokea. Bado tunangoja jibu.